Mistari kwenye besi isiyo na freti: ikatwe wapi, ijazwe kwa kitu gani?

besi_ya_kondele (Kisumu)

Habari zenu mafundi na wapigaji. Kuna besi (gitaa la sauti nzito) ya nyuzi 4 inachongwa hapa Kisumu, isiyo na freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) tangu mwanzo, na kazi sasa imefika kwenye ubao wa vidole. Uzi kutoka nati ya kichwani (ule mfupa unaopitisha nyuzi) hadi daraja (kishikio cha nyuzi kwenye mwili) ni inchi 34, yaani milimita 863.6. Shingo ni ya mepo (mbao nyeupe ya maple). Ubao wa vidole ni mpingo wa unene wa milimita 6, upana milimita 38 kichwani na 62 mwishoni, na uso utapewa mviringo wa inchi 12 (nusu kipenyo). Kwa sasa ubao bado ni mstatili, umepigwa randa pande zote, msumeno haujaugusa.

Mwenye besi anapiga benga na nyimbo za kanisani. Mkono wake unaruka sana kutoka juu ya shingo hadi chini, kwa hiyo anataka mistari ya kumwongoza, ichongwe kwenye ubao pale ambapo freti zingekaa. Fundi naye amezoea magitaa ya freti. Anapendekeza vitone vya ubavuni (alama ndogo za duara kwenye ukingo wa shingo) viwekwe pale pa kawaida, katikati ya nafasi, na mistari ijazwe kwa vipande vya plastiki nyeupe vilivyokatwa kutoka kadi za benki zilizokwisha muda.

Je, hiyo ni sawa? Mistari ipite upana wote au iishie nusu? Mikato iende kina gani? Na kupaka epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu) juu ya mpingo ni lazima?

fundi_lanet (Nakuru)

Mambo mawili yasimamishwe kabla msumeno haujagusa mbao: vitone vya katikati, na zile kadi.

Kwenye gitaa la freti kidole hubonyeza nyuma ya freti, na chuma ndicho kinachokata urefu wa uzi unaotetema. Kitone hukaa katikati ya nafasi kwa sababu hapo ndipo kidole kinapokaa. Kwenye besi hii chuma hakipo. Ncha ya kidole yenyewe ndiyo inayokata uzi, kwa hiyo kidole kinasimama juu ya mstari wenyewe, na kitone lazima kisimame hapo hapo. Chukua alama ya 3: mstari wake uko milimita 137.40 kutoka nati. Ukiweka kitone katikati ya mstari wa 2 na wa 3, kinaangukia kama milimita 115.8. Mpigaji akikiamini atakuwa chini ya sauti kwa senti 50 hivi, na nusutoni nzima ina senti 100. Hiyo haiitwi kukosea kidogo, hiyo ni sauti isiyo ya wimbo kabisa. Mistari ya usoni ikiwepo anaweza kuokoka, lakini jukwaani taa zikipungua macho hushika vitone vya ubavuni kwanza.

Sasa kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Msumeno wa kukatia freti huacha mkato wa milimita 0.6 hivi. Ukilazimisha 0.76 ndani ya 0.6, kila mkato unafanya kazi ya kabari: unasukuma mbao pande zote kwa milimita 0.16. Zidisha kwa mistari 20, ni zaidi ya milimita 3 za msukumo upande wa uso peke yake. Shingo itapinda kwenda nyuma, katikati itanyanyuka, na ile fimbo ya chuma ya kurekebishia shingo haitakusaidia kama ni ya kukaza upande mmoja tu, maana kazi yake ni kuvuta shingo kuelekea huko huko ilikokwisha kwenda. Nyuzi zitagonga ubao kuanzia mstari wa 1 hadi wa 9 na hakuna cha kufanya ila kung'oa zote.

Lakini msiiache mikato wazi wala msiijaze kitu laini. Nyuzi 4 za besi ya inchi 34 huvuta jumla ya kilo 70 hadi 80. Mkato uliojaa vumbi na gundi ya maji hufunga taratibu chini ya mzigo huo, na shingo inazidi kupinda mbele kila wiki. Kinachotakiwa ni utepe unaoingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo, usiocheza ukishaingia. Kata kipande cha majaribio kwenye bakaa ya mpingo ule ule, kwa msumeno ule ule, pima utepe kwa kalipa, kisha upunguze kwa msasa namba 240 uliolazwa juu ya kioo mpaka uteleze vizuri. Vinia ya mepo (ubao mwembamba kama karatasi) ya milimita 0.6 ndiyo rahisi zaidi. Shiti ya plastiki ya milimita 0.5 inafaa pia, ila hiyo lazima epoksi ijaze pengo lililobaki.

Vipimo vya 863.6 ni hivi, vyote kwa milimita kutoka uso wa nati, na ni katikati ya mkato: mstari wa 1 ni 48.47, wa 2, 94.22, wa 3, 137.40, wa 4, 178.16, wa 5, 216.63, wa 6, 252.94, wa 7, 287.22, wa 8, 319.57, wa 9, 350.10, wa 10, 378.92, wa 11, 406.12, wa 12, 431.80. Kuanzia wa 13 huhitaji jedwali: chukua umbali wa mstari ulio 12 nyuma yake, ugawe kwa 2, ongeza 431.80. Wa 19, kwa mfano, ni nusu ya 287.22 ukiongeza 431.80, jibu 575.41.

Kila mstari upimwe kutoka nati, rula ikiwa imelala pale pale tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi anayepima kutoka mstari hadi mstari anabeba kosa lake mbele: robo milimita mara 12 ni milimita 3 kwenye oktavu, yaani mstari wa 12, na hapo milimita 1 tu ni senti 4. Kwa upande mwingine, msihangaike na nywele. Kosa la nusu milimita kwenye mstari wa 12 ni senti 2, na ncha ya kidole ina upana wa zaidi ya sentimita 1. Sikio hurekebisha hilo lenyewe. Kosa linaloumiza ni mstari uliolala mshazari.

Ubao ukatwe mikato ukiwa bado mstatili, skwea ikiegemea ukingo ulionyooka. Mkishapunguza pande hadi 38 na 62, hakuna ukingo tena wa kuegemeza skwea. Mkiegemeza ule wa mshazari, kila mstari utalala nao, na uzi wa G (mwembamba kuliko wote) utasema jambo tofauti na uzi wa E (mnene kuliko wote).

Kina sasa. Watu husema milimita 1.5 inatosha kwa kuwa hakuna freti ya kushikilia. Haitoshi. Mviringo wa inchi 12 juu ya upana wa milimita 62 hushusha kingo kwa karibu milimita 1.6 kuliko katikati. Mkato wa kina cha 1.5 utabaki katikati na kutoweka pembeni mara randa ikipita. Kateni milimita 3 hadi 3.5 kabla ya kuviringisha. Kingo zitabaki na 1.5 hivi, na miaka ijayo ubao ukihitaji kusawazishwa upya mistari haitapotea. Chini ya mkato bado kuna mpingo wa milimita 2.5, hiyo ni salama ukishagundishwa kwenye mepo.

Epoksi: kwa mpingo si lazima. Jaco Pastorius, mpigaji maarufu wa besi isiyo na freti, aliipaka Fender Jazz Bass yake ya 1962 epoksi ya boti kwa sababu nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara hukwangua ubao kama tupa, na ule haukuwa mpingo. Mpingo ni mgumu zaidi. Nyuzi za waya bapa haziutishi kabisa.

mbao_na_nyuzi (Kakamega)

Naunga mkono vipimo vyote vya fundi wa Lanet. Niongeze upande wa mbao zenyewe, maana mpingo una tabia zake.

Mpingo una mafuta. Gundi nyeupe ya mbao inaweza kushika leo na kuachia mwezi ujao, na tena ina maji: vinia ya 0.6 ikiloweka inavimba ndani ya mkato, mnarudi kwenye ile kabari ya kadi. Futa kila mkato kwa asetoni, kwa mswaki mkavu wa zamani, subiri dakika 10 ikauke, kisha tia epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika 5 itaganda kabla hujafika mstari wa 8. Chovya utepe, usukume, acha utokeze milimita 1 juu, endelea na unaofuata. Lala usiku mmoja kabla ya kukata sehemu zilizotokeza kwa patasi kali iliyolala bapa.

Supaglu nyepesi inapendwa kwa sababu inajipenyeza yenyewe, lakini kwenye vinia nyeupe inaingia ndani ya nyuzinyuzi na kuacha kivuli cha kijivu. Mkiitumia, pakeni vinia shelaki (aina ya vanishi) pande zote mbili kwanza.

Kisha rangi. Vumbi la mpingo ni jeusi na laini mno, linaingia kwenye vinyweleo vya mepo na mistari yenu inageuka ya moshi. Mkisha kuingiza mistari, msifute tena ubao kwa spiriti wala asetoni. Vinayeyusha ule weusi na kuusambaza juu ya mistari yote kwa mpigo mmoja. Pulizeni kwa hewa, au futeni kwa brashi kavu mkifuata mstari, kutoka ukingo hadi ukingo. Na vaeni barakoa. Vumbi hilo huwasha ngozi na kukaba kifua.

Kusawazisha ndiko kunakoamua sauti. Mepo ni laini kuliko mpingo. Ukishika msasa kwa mkono au juu ya sponji, mistari inaliwa zaidi na kubaki mabonde madogo. Plastiki nayo hufanya kinyume, inabaki na kigongo. Kigongo cha hata milimita 0.05 ni freti ndogo: uzi utalia hapo kila ukipita. Tafuteni bomba la mraba la aluminiamu la mafundi wa madirisha, urefu wa sentimita 50, mlikague juu ya kioo kinene kama limenyooka, mgundishe msasa chini yake. Anzeni na 120, kisha 180, 320, 600, mkienda sambamba na nyuzi na si kukata mshazari. Mviringo wenyewe ufanywe kwanza kwa kibao cha mviringo wa inchi 12. Bomba ni la kumalizia.

Ninapotofautiana na wengi ni mwisho wa mstari. Vinia imekatwa kwa urefu wa nyuzinyuzi zake, na kwa urefu mbao haipungui. Ubao wa vidole hupungua kwa upana. Besi ikichongwa Kisumu mbao ikiwa na unyevu wa ziwa, halafu ikapelekwa Nakuru Januari kukiwa kukavu, ubao unapungua kidogo na ncha za mistari zinachomoza pembeni. Sehemu ya kumi ya milimita kidole gumba kinaisikia. Kwa hiyo napendelea mkato uishie milimita 1.5 kabla ya kila ukingo, na ubavuni vikae vitone peke yake.

fundi_lanet (Nakuru)

Hoja ya kupungua ni ya kweli, dawa yake siikubali. Mstari unaoonekana ubavuni ndio alama sahihi kuliko zote kwenye besi hii. Mpigaji aliyesimama anatazama shingo kutoka juu. Uso wa ubao anauona kwa pembe kali, na uzi wa E ulionyanyuka milimita 2 au 3 unamziba. Tena kichwa chake hakiko juu ya mkono wa kushoto, kiko kulia kwake, kwa hiyo kwenye mistari ya 1 hadi 5 uzi na mstari ulio chini yake havionekani kulingana. Ukingo uko karibu na jicho na hauna uzi juu yake. Mstari mwembamba wa 0.6 ubavuni unasema "hapa", kitone cha 2.5 kinasema "hapa hapa karibu".

Dawa ya kuchomoza ni subira. Acheni mbao ndani ya karakana wiki kadhaa kabla ya kukata, si chini ya bati la mabati linalochemka mchana na kupoa usiku. Gundisheni, viringisheni, kisha wekeni shingo bila kumalizia kingo kwa wiki 2 nyingine. Pitisheni tupa bapa kwenye kingo baada ya hapo. Ikichomoza tena baadaye, ni kupitisha tupa mara moja na kupaka mafuta, kazi ya nusu saa.

Mkitaka njia ya kati, fungeni kando kwa ukanda mwembamba wa mpingo wa milimita 1.5 baada ya kukata mikato, halafu muweke vistari vya ubavuni peke yake kwa msumeno, kina milimita 1, juu ya kila nafasi. Ni kazi mara mbili, lakini inatoa vyote viwili.

besi_ya_kondele (Kisumu)

Asanteni sana, fundi ameyasoma yote na kadi zimerudi kwenye droo. Amekubali mistari ifike ukingoni. Bado tunabishana juu ya upana: mwenye besi ameona picha za mistari iliyoishia nusu na ameipenda. Na vitone, je, vinahitajika kama mstari unaonekana ubavuni?

mbao_na_nyuzi (Kakamega)

Nusu mstari inapendeza, ila fikirieni ni nusu ipi. Ikiwa upande wa uzi wa E, macho yanaiona vizuri na upande wa G unabaki mweusi mtupu. Kwa mpigaji anayejifunza, huko juu kwenye G ndiko mistari inakosana na kidole zaidi, kwa kuwa nafasi zimebana: kati ya mstari wa 19 na wa 20 ni milimita 16 tu, na milimita 1 hapo ni senti 6. Kwa benga, besi haikai mahali pamoja, kwa hiyo ningepitisha mistari yote kikamilifu na kutumia rangi ya kimya: vinia ya kahawia badala ya nyeupe. Kutoka viti vya nyuma besi itaonekana haina mstari hata mmoja, ila mpigaji anaiona.

Tahadhari ya kukata nusu: msumeno hauwezi kuishia wima katikati ya ubao, unaacha mteremko chini. Utepe nao uchongwe mteremko ule ule, la sivyo mwisho wake unaning'inia hewani na kuvunjika mkisawazisha.

Vitone vinahitajika, si kwa usahihi bali kwa kuhesabu. Mistari 20 inayofanana inampoteza mtu. Tobo la milimita 2, kina 3 hadi 4, kwenye mstari wa 3, 5, 7, 9, 12 (viwili), 15, 17 na 19. Kwa kuwa mstari unapita hapo hapo, tobo litaukata. Shusheni kitone kidogo kwenye mepo ya shingo, chini kabisa ya mstari, ili mstari usome juu na kitone chini yake. Sindano ya plastiki ya kufumia ya milimita 2 inatoa vitone vya besi tano.

besi_nax (Nakuru)

Samahani kudandia. Yote haya yanahusu besi mpya. Kwa besi ya kiwandani yenye freti, ukizing'oa na kujaza, utaratibu ni ule ule?

fundi_lanet (Nakuru)

Kujaza ni kule kule, hatari iko kwenye kung'oa. Bandika maskingi tepu pande zote za freti. Pasha freti kwa chuma cha kulehemu sekunde 20 hadi 30, kitambae kutoka ncha hadi ncha ili gundi ilegee. Koleo la kukatia misumari lisagwe uso mpaka liwe bapa, liingie chini ya freti kwenye ncha, ubane kidogo kidogo ukisogea. Usinyanyue kama unang'oa msumari. Meno madogo ya freti ndiyo yanayobandua vipande vya mbao. Kipande kikiruka, kitafute na ukirudishe hapo hapo kwa tone la supaglu.

Pima mikato yote, si mmoja. Ya kiwandani huwa inatofautiana, mwingine 0.55, mwingine 0.65 pale meno yalipopanua mdomo. Na jiandae: freti zenyewe zilikuwa kabari zinazosukuma shingo nyuma. Zikitoka, shingo inapinda mbele. Legeza nyuzi kabla, usikaze ile fimbo ya chuma mpaka mistari iwe imejazwa na kukauka.

Vitone vya ubavuni vya kiwandani viko katikati ya nafasi, vitakudanganya kila siku. Vitoboe, jaza epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao ile ile, utoboe vipya kwenye mistari.

Kimo cha nyuzi juu ya ubao nacho kinabadilika, kwani freti ilikuwa na kimo cha karibu milimita 1. Shusha mfereji wa nati mpaka uzi upite juu ya ubao kwa unene wa karatasi 2 za printa, yaani milimita 0.2. Shusha daraja mpaka mstari wa 12 usome 2.0 kwa G na 2.5 kwa E. Daraja likigota chini kabla ya hapo, fungua shingo, weka kipande cha vinia cha 0.5 kwenye tundu lake upande wa daraja, ufunge. Mpindo wa mbele uwe 0.1 hadi 0.2 ukipima mstari wa 7 huku uzi umebonyezwa wa 1 na wa mwisho. Ile sauti ya kunung'unika tunayoitafuta kwenye besi hizi inatoka hapo, uzi ukigusagusa ubao mbele ya kidole. Mpindo ukizidi 0.3 inakufa.

Besi ya Kondele pia, kabla hamjatia mafuta: laza rula ndefu ya chuma juu ya ubao chini ya kila uzi, taa ikiwa nyuma yake, usiku. Mwanga ukipenya kwenye mstari mmoja tu, huo umezama au jirani zake wameinuka. Pitisheni bomba na msasa wa 320 tena sehemu yote, si pale peke yake, kisha mrudie rula.